Aliyekaa Omoni mwa Ngalawa

Juzi mke wa jirani yangu alinijia na shoka mkononi. Hakuja kunikata, alikuja kuazima kinoo. Mumewe, kijana mwenye nguvu zake, amepata ngalawa kuukuu kwa mzee mmoja wa Saadani, na tangu aipate hakai nyumbani. Kutwa yuko ufukoni anaipaka sifa, yale mafuta ya ini la papa, na kuipapasa ubavuni kama mtu anayechagua ng'ombe. "Bibi," aliniambia, "mume wangu karogwa. Wenziwe wana vyombo vipya, yeye kaniletea gogo. Nitalipasua nilipikie wali!" Nikamnyang'anya shoka. "Usithubutu, mwanangu. Wali uliopikwa kwa kuni za ngalawa nimekwisha kuula mimi, na mpaka leo haujanishuka." Alinitazama kama anavyotazamwa mwendawazimu, akaenda zake. Shoka lake liko chini ya kitanda changu, na halitoki.

Lakini harufu ya sifa alikuwa ameiacha mlangoni. Ikishakaukia kwenye ubao haitoki tena, si kwa maji wala kwa jua, na hata nguo za mke wa mvuvi huishika. Nyinyi wa rika langu, mliozaliwa kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao Bagamoyo, mnaijua. Watoto wa siku hizi wakiisikia huziba pua. Mimi nikiisikia hugeuka nyuma kutazama ni nani aliyeingia.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa Dunda, na ngalawa yake ilikuwa kuukuu tangu nilipoanza kupata akili. Ilichongwa kwa gogo la mwembe na babu yake, wakaivulia baba yake na ami zake, mpaka ikamfikia yeye ikiwa imekwisha kulika. Ukingoni, pale mshipi ulipopita miaka yote hiyo, palikuwa na mifereji laini kama ndani ya upawa. Tezini, yaani nyuma alipokaa kushika usukani, palikuwa na kishimo cha kisigino chake. Mtu mwingine akikanyaga hapo mguu ulikataa kutulia. Ilivuja. Baba aliziba ufa kwa pamba na sifa, ikaacha kuvuja hapo, ikaanza pengine. Ikipanda wimbi iliguna, naye huijibu, "Naam, bibie, nimesikia."

Watu walimcheka, naye alicheka nao. "Chombo kipya ni mgeni," alikuwa akisema. "Sharti ukichunge, ukifurahishe. Hiki tumekaa pamoja mpaka kimenijua. Nikisinzia kinanileta nyumbani." Mimi nilimwamini. Ilipopandishwa mchangani na jua likaipasha moto, nilikuwa nikiuweka uso wangu ubavuni mwake na kufumba macho, na moyo wangu ukatulia tuli. Kuipanda sikuruhusiwa. Mtoto wa kike hapandi ngalawa ya kuvulia, walisema itakosa samaki. Basi niliipenda nikiwa chini.

Lakini omoni, pale mbele, sikupakaribia. Omoni palikuwa na mtu.

Kila alfajiri kabla ya kushua, baba aliweka pale chakula, muhogo wa kuchemsha au kipande cha mkate, juu ya jani la mgomba, akakifunika kwa kifuu. Hakuna aliyekaa pale. Hata siku alizochukua mwenzake wa kumsaidia kuvuta nyavu, mwenzake huyo alijikunyata katikati, magoti kidevuni, na omo ikawa wazi. Akirudi, baba hakuja ufukoni moja kwa moja. Alisimama kidogo nje ya mawimbi, uso kaelekeza omoni, midomo inacheza. Mimi nilikuwa nimesimama mchangani na kikapu changu cha samaki namwona. Akimaliza maneno yake ndipo anakuja. Kile chakula mama alikichukua akawatupia kuku. Siku moja nilinyoosha mkono kuuchukua muhogo ule, mama akanipiga kofi la mkono, yeye ambaye hajapata kunipiga.

Na kila Idi baba alinunua kanzu, kanzu nzuri yenye tarizi shingoni. Haivai yeye, haivai mtu yeyote. Huipeleka ngalawani, akaitia katika kapu la ukindu lililofungwa omoni kwa kamba.

Sasa mtoto wa pwani ukimwonyesha mambo hayo atasema nini? Atasema jini, basi. Sote tulijua, chuoni kwa mwalimu wa Kurani na uwanjani, kwamba mvuvi hodari hupendwa na jini wa baharini. Jini huolewa naye, akamzalia, na mvuvi akawa na nyumba mbili, moja nchi kavu na moja majini. Nikalipanga lote kichwani. Chakula ni cha mke wa baba. Kanzu ni za mwanawe. Tena mtoto huyo wa kijini alikuwa anakua, kwani kanzu ya Idi hii ilikuwa ndefu kuliko ya Idi iliyopita. Wivu ulinikaba, wallahi! Mimi napewa kipande cha kaniki ya mama iliyokwisha kupauka, na mtoto wa kijini anapewa kanzu yenye tarizi. Nikimwona baba anatazama bahari huku mimi namsemesha, nilijua anamfikiria yule. Mwana wa majini alikuwa na baba mzima, mimi nimebakishiwa kivuli chake.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa fundi wa kuchonga vyombo, mtu wa mizaha. Alasiri moja alitukuta ufukoni, baba anakalafati, anaziba nyufa kwa pamba, mimi nashika bakuli la sifa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Shemeji, hii ni ngalawa au kifumbu cha kuchujia tui?"

"Inanifikisha," baba akajibu.

"Inakufikisha leo. Kesho itakufikisha kwa Mola wako, umwache dada yangu na eda." Akakaa mchangani, mzaha ukamtoka usoni. "Sikiliza, shemeji. Nimekuchongea mpya. Imekwisha, iko kwangu, sitaki kitu. Nina sharti moja tu, hii tuipasue. Dada yangu hapati usingizi kwa ajili ya chombo hiki."

Baba alicheka, kisha akaacha kucheka. Akaupitisha mkono wake ukingoni, polepole. "Mkiipasua," akasema, "nitajulikanaje?"

Mjomba akainamisha kichwa. Mimi nikasema moyoni, naam, anamwogopa mkewe wa majini. Akija na chombo kigeni hatamtambua, atamzamisha. Siku ile nilirudi nyumbani nimeamua kumwambia mama, maana niliona anafichwa jambo ambalo mji mzima unalijua.

Nilimkuta anakuna nazi, kaikalia mbuzi, sahani chini. Nikachuchumaa mbele yake. "Mama," nikasema, "yule mtoto wa kijini wa baba ana umri gani?"

Mkono wake uliendelea kukuna, kisha ukateleza ukagusa meno ya mbuzi. Nazi ikawa nyekundu. "Nini?" akaniuliza. Nikamweleza yote, mke, mtoto, chakula, kanzu, huku nikijiona mwenye akili nyingi. Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na nikacheka naye, na kati ya kicheko nikaona analia, wala sikujua kicheko kiliishia wapi.

"Hana mke wa kijini," alisema alipopata sauti. "Angekuwa naye ningeshukuru, mke mwenza nitamweza. Una kaka yako, Mwaju. Hamadi. Umemfuata wewe. Sijui nimtaje kama wanavyotajwa walio hai au kama wanavyotajwa marehemu, ndiyo maana hatumtaji."

Akanisimulia pale pale, damu inachuruzika kwenye kidole. Mimi nilikuwa mtoto wa mgongoni. Baba na Hamadi walikwenda kuvua hadi mlango wa mto Wami, wakashuka pwani kukausha samaki. Maji ya kunywa yakaisha. Baba akaenda na mtungi kutafuta kisima, akamwacha Hamadi omoni alinde ngalawa. Mahali pake palikuwa omoni. Alikuwa na jicho kali, akiona mwamba kabla ya mtu mzima. Baba aliporudi aliikuta ngalawa, akazikuta nyavu zimeanikwa nusu, mtoto hayupo. Mchangani kulikuwa na nyayo zimekanyagana na maji yameanza kuzila. Zilikuwa za watu au zake mwenyewe akicheza, hakuna ajuaye. Zama zile watoto walikuwa wakiibwa pwani kama kuku, wanatiwa chomboni, wanapelekwa kwenye mikarafuu ya Pemba. Na bahari nayo huchukua.

"Baba yako anasema yu hai," mama akasema. "Anasema siku moja atasimama pwani fulani, atazame baharini, aijue ngalawa yao. Ndiyo maana haibadilishi. Umekiona kile kiraka cha kaniki kwenye tanga? Kilikuwapo siku ile. Kikioza anakata kaniki nyingine, anakishona pale pale. Tanga zima ni jeupe, kiraka ni cheusi, kinaonekana tokea mbali. Anaranda kutoka hapa mpaka Saadani, samaki wawepo wasiwepo, ili aonekane tu."

"Na wewe, Mama? Wewe unasemaje?"

Akaitupa ile nazi yenye damu. "Mimi nataka kulia," alisema. "Nimekaa miaka sijalia. Nataka kukaa matanga, watu waje, hitma isomwe, nimlilie mwanangu nimalize. Baba yako hataki. Anasema aliye hai hasomewi hitma, ukimsomea umemzika. Basi nimekaa na donge hapa," akajigusa kooni, "silimezi wala silitemi."

Mngedhani baada ya kujua ningeacha kuogopa. Yarabi, ndipo nilipoanza kuogopa hasa! Jini ana dawa yake, anafukizwa ubani, anatolewa sadaka, anaondoka. Ndugu asiye hai wala maiti utamfukiza nini? Alikuwa pamoja nasi kila mahali. Nilimwona kwa kila mvulana aliyesimama peke yake ufukoni. Nikitoka chuoni nilihisi mtu ananitangulia hatua chache. Nilipokula nilibakiza. Ngalawa ikiwa imepandishwa, sasa nilikwenda omoni na kuweka sikio ubaoni, na nilisikia kitu kinakwaruza ndani, huenda kaa, huenda maji yanadondoka.

Nyumbani ugomvi ukaingia, ugomvi wa watu wawili wanaopendana, ambao ndio mbaya kuliko wote. Mama alisema mjomba asingengoja milele. Baba akasema, "Nipe mwaka huu." Mama akajibu kila mwaka ni mwaka huu. Siku moja nilimsikia akimwambia, "Una mtoto mwingine pale anakua huku unamwangalia wa mbali!" Baba akageuka akanitazama, kwa kushangaa, kama mtu aliyekumbushwa kitu alichokisahau sokoni. Kisha akachukua kafi lake akatoka.

Hazikupita siku nyingi, vita vikaja. Mnavijua, sina haja ya kuvieleza. Manowari za Wadachi zilitia nanga mbali kwenye maji makubwa, na asubuhi hiyo zikaanza kutema moto. Nilidhani ni radi, nikashangaa radi isiyo na mawingu. Watu walikimbilia mashambani, wenye vyombo wakakimbilia pwani. Baba alitukuta njiani akatusukuma mbele yake mpaka ufukoni. Akampandisha mama katikati, akampa upo wa kutolea maji. Akapakia sufuria, mkeka, mzigo wa nguo, katikati pakajaa. Mimi nimesimama majini, maji kifuani, nangoja.

Palibaki omoni tu.

Baba aliitazama omo, akanitazama mimi, akaitazama omo. Mzinga ukalia nyuma yetu, nyumba ya mtu ikaanguka. Hakusogea. Mama akasema, bila ukali, kwa sauti ya mtu anayepakua chakula, "Mwenyewe si yupo? Mwambie asogee, ampishe dada yake."

Baba akanishika kwapani akaniinua. Nikakaa omoni, kando ya kapu la kanzu. Nilijibana upande mmoja ili mwenye mahali asikose nafasi. Nikasema polepole, "Shikamoo kaka." Najua mtacheka. Wakati ule haikunichekesha.

Tulikwenda na kusi mchana kutwa. Mama anatoa maji, ngalawa inaguna, baba haijibu. Tulipofika mkabala wa mlango wa Wami niliona omo inageuka kuelekea pwani. Maji pale hugombana, ya mto na ya bahari, na chombo kizito kama chetu hakikuwa na shughuli hapo. Nikamtazama baba. Macho yake yalikuwa yanapita mchangani, kichaka kwa kichaka, kama yalivyozoea. Wimbi likatupiga ubavuni, ufa wa kushoto ukafunguka, na maji yakaanza kuingia kwa kishindo.

"Baba Mwaju!" mama akapiga kelele. "Leo watazame waliomo ndani!"

Baba akashtuka. Akaugeuza usukani, akajaribu kuuziba ufa kwa mguu, haukuzibika. Mama akaacha upo. Akatambaa mpaka nilipo, akakata kamba ya kapu kwa meno, akatoa zile kanzu, ndogo na kubwa, zimegandamana kwa chumvi, akazitia katika ufa moja baada ya nyingine, anazisukuma kwa goti na kwa ngumi. Ya mwisho ilikuwa ndefu, saizi ya baba mwenyewe. Aliishika kidogo. Kisha nayo akaitia. Maji yakapungua.

Baba alikuwa ameyaona yote, usukani mkononi. Nilingoja atakachosema, maana nilidhani atasema tumemuua. Alisema, "Mama Hamadi, kaza pale chini." Sikuwa nimepata kumsikia akimwita mama jina hilo kabla ya siku ile. Na mama alikaza pale chini, na huku anakaza kilio kikamtoka. Hakikuwa kilio cha kuogopa maji. Kilikuwa kilio cha msiba, kile cha kutaja jina, "Hamadi mwanangu, Hamadi mwanangu," juu ya bahari ambako hakuna jirani wa kuja kumshika. Baba hakumnyamazisha. Nilimwona naye machozi yanamteremka mpaka ndevuni, na mikono yote miwili ina kazi, hakuweza kuyafuta.

Saadani walitupokea vizuri, Mungu awalipe. Ngalawa ilikuwa imekwisha. Zilipotolewa zile kanzu ufa ulikuwa umefika chini kabisa, gogo limegawanyika. Baba aliizunguka, akaigonga hapa na pale, akaja akakaa mlangoni kwa wenyeji wetu. "Soma hitma yako," akamwambia mama.

"Yetu," mama akajibu.

Tulikuwa wakimbizi, hatuna kitu. Watu wa pale walituchangia mchele na nazi, na kuni baba alisema atatoa yeye. Akaipasua ngalawa mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Mbao zile zililowa sifa ya miaka yote, ziliwaka kwa moto mrefu na moshi mweusi, na moshi ukaingia katika sufuria. Waalimu walisoma, watu waliitikia amina, wali ukapakuliwa. Ulikuwa na ladha ya bahari na ini la papa. Waalikwa walikula kwa adabu. Mama alikula sahani yake yote. Mimi nilikula, na kila tonge nililomeza nilijua namla nani.

Baadaye mjomba akaja kwa bahari na ile ngalawa mpya. Ilikuwa nzuri, haki ya Mungu, nyeupe, imenyooka, haivuji tone. Baba alishukuru, akaivulia. Hakuiita bibie. Alikwenda, akavua, akarudi moja kwa moja ufukoni bila kusimama nje ya mawimbi. Nyumbani alianza kutuona. Alinifundisha kufuma nyavu, akanicheka nilipokosea, akaniletea pweza wadogo nichome. Mama naye alinenepa, akaanza kuimba akitwanga. Nilikuwa na baba mzima kwa mara ya kwanza, na sitaficha, nilifurahi. Nilifurahi ingawa moshi ule wa hitma ulikuwa haujanitoka puani.

Mwaka haujamaliza kuzunguka, akapita mvuvi mmoja wa Dunda, aliyejuana na baba. Tukamkaribisha chakula. Akasimulia habari za mji, nani karudi, nani kafa, nyumba gani zimejengwa. Kisha akasema, huku anakwangua sahani, "Aa, kuna kijana alikuja pwani kwetu. Si wa pale, usemi wake kama wa Pemba. Akapita chombo kwa chombo anatazama. Tukamwuliza, unatafuta nini? Akasema anatafuta ngalawa kuukuu, yenye kiraka cheusi tangani. Tukamwambia ile iliondoka siku za mizinga, tena tumesikia imepasuliwa kuni, na mwenyewe hatujui alikotua."

Mama alikuwa ameshika kata ya maji. Ilibaki hewani.

"Akasemaje?" baba akauliza.

"Hakusema. Alikaa mchangani kidogo, akaondoka."

"Jina lake?"

"Hatukumwuliza, ndugu yangu. Siku hizo kila mtu anatafuta mtu wake."

"Alikuwa mrefu kiasi gani?"

Yule mtu akafikiri, akainua mkono wake juu ya kichwa chake alivyokaa, kisha akasimama ili aonyeshe sawasawa. Baba akautazama mkono ule, na nadhani nasi sote tuliutazama, mpaka mwenyewe akaona haya akaushusha.

Nawaambia sasa hivi msije mkangoja bure: hakuonekana tena. Baba alikwenda Dunda, akauliza Winde, akauliza kila pwani mpaka Pangani. Alipata watu waliomwona na watu waliosema hakuwapo mtu kama huyo. Huenda alikuwa mwingine. Tanga zenye viraka si chache duniani, na mwana wa mtu mwingine pia hutafuta baba yake. Nimejiambia hivyo maisha yangu yote, na kila nikijiambia sijiamini.

Ila haya yalikuwa baadaye. Kesho yake alfajiri, kabla hajakwenda kokote, baba aliipandisha ile ngalawa mpya mchangani. Akaokota jiwe la matumbawe, akaanza kuukwaruza ukingo. Alikwaruza mpaka ikatokea mifereji. Akatwaa tezo la kuchongea, akachimba kishimo cha kisigino tezini, anajaribu mguu, anachimba tena. Akaipaka sifa na majivu mpaka weupe ukafa. Watu wa Saadani walikuja kutazama, wengine wakacheka, mmoja akasema maskini mzee wa Dunda vita vimemharibu akili. Kisha akalifungua tanga jipya kutoka foromali, ule mti wa juu linakofungwa, akalitandaza juu ya mchanga, tanga zima lisilo na dosari, akalitoboa kwa kisu katikati.

Mama akatoka nyumbani. Nilisimama kati yao, maana nilijua sasa ataanza. Amelia, amesomesha hitma, amemaliza, na huyu anamfukulia mwanawe. Alipita kando yangu kama hanioni. Akafika kwenye tanga, akaliangalia lile tundu. Akaishika kaniki aliyojifunga, akachana upindo, akachana kipande kizima, akakaa mchangani. Baba akampa sindano. Akakiweka kipande juu ya tundu, wakashona, yeye huku na baba kule.

Walipofika nusu mama akasimamisha mkono. Akainuka, akarudi nyuma hatua chache, akalitazama tanga kama mtu aliye mbali pwani.

"Si hapo," akasema. "Kilikuwa juu zaidi, karibu na foromali."

Baba akafumua nyuzi, wakaanza upya.